Kerneli ya x86 imegoma kwenye RISC-V: dalili na vyanzo vyake

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kerneli ndogo (moyo wa mfumo endeshi) iliyoandikwa kwa x86 ya biti 32, prosesa za PC, anayetaka iwake kwenye RISC-V ya biti 64, aina nyingine ya prosesa. Mfano mzuri wa safari hiyo ni xv6, kerneli ya kufundishia ya MIT. Ilianza mwaka 2006 ikiwa ya x86, na mwaka 2019 ikahamishiwa RISC-V. Misimbo yote miwili iko wazi kwa umma, hivyo ukikwama popote hapa chini ifungue bega kwa bega uone wenzako walibadilisha nini.

Nachukulia kwamba unaanza na mashine ya `virt` ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, bodi halisi inafuata baadaye. Ukianza na bodi, hutajua kama kosa ni la msimbo wako, la kebo au la kadi ya SD.

Watu wengi huogopa asembli. Asembli siyo tatizo. Faili zake ni chache, na ile ambayo hujaihamisha kompaila inaikataa palepale. Kinachokesha watu ni msimbo wa C unaokubaliwa na kompaila bila onyo hata moja, kumbe umeegemea mambo ambayo x86 ilikuwa inakufanyia bila kuombwa: kubadilisha steki katizo linapoingia kutoka kwa mtumiaji, kusafisha TLB (hifadhi ya tafsiri za anwani) unapobadilisha jedwali la kurasa, kulinda mpangilio wa maandishi kwenye kumbukumbu. RISC-V haifanyi hayo mpaka uiamuru. Basi kwa kila dalili jiulize kwanza prosesa ya zamani ilikuwa inakusaidia nini mahali hapo.

Usione haya ikiwa kerneli yako imejifunga kwa prosesa moja. Mwaka 1991 Linus Torvalds alipotangaza Linux alisema wazi kwamba haihamishiki, kwa kuwa ilitegemea namna prosesa ya 386 inavyobadilisha kazi. Mwaka 1995 toleo la 1.2 lilikuwa na msimbo wa prosesa za Alpha, SPARC na MIPS.

Kabla hujagusa chochote

Andika kipande kidogo cha msimbo ambacho, prosesa ikinaswa na hitilafu yoyote, kinachapa rejista tatu: `scause`, `sepc` na `stval`. Ya kwanza inakuambia kilichotokea, ya pili inakuambia ni kwenye amri ipi, na ya tatu mara nyingi hubeba anwani iliyoleta balaa. Anayehamisha kerneli bila kipande hiki anapiga ramli.

Namba za `scause` utakazokutana nazo sana ni hizi: 2 ni amri isiyotambulika, 5 na 7 ni kusoma au kuandika mahali pasipo na kumbukumbu wala kifaa, 8 ni mwito wa mfumo kutoka kwa programu ya mtumiaji, 12, 13 na 15 ni hitilafu za ukurasa, kwa kufuata mpangilio huo: kutekeleza, kusoma, kuandika. Biti ya juu kabisa ikiwa 1, hapo hakuna kosa, ni katizo la kawaida.

Ukishapata `sepc`, uliza ni mstari gani:

```
riscv64-unknown-elf-addr2line -e kerneli.elf 0x80201a3c
```

Kama bado huwezi kuchapa hata herufi, QEMU yenyewe itakuandikia kila mnaso kwenye faili:

```
qemu-system-riscv64 -machine virt -m 128M -nographic \
    -kernel kerneli.elf -d int -D minaso.txt
```

Faili hilo likijaa mistari elfu inayofanana, soma mstari wa kwanza tu. Iliyobaki ni mwangwi.

Kompaila au linka imegoma

Hapa hatukai sana. Ujumbe wa `relocation truncated to fit: R_RISCV_HI20` maana yake umesahau `-mcmodel=medany`. Kumbukumbu ya `virt` inaanza 0x80000000, na mpangilio wa kawaida wa kompaila, `medlow`, haufiki huko: kwenye biti 64 amri ya `lui` hurefusha alama, hivyo 0x80000000 hugeuka 0xffffffff80000000.

Ukiona kerneli imenenepa ghafla, tafuta `.align`. Kwenye asembli ya x86 `.align 16` ni baiti 16. Kwenye RISC-V ni 2 kwa kipeo cha 16, yaani baiti 65,536. Andika `.balign` kote, na jambo hilo liishe.

Kimya kabisa, hakuna hata herufi

Anza kwa kutazama kama OpenSBI, programu inayotangulia kerneli, imejitambulisha. Kama haikujitokeza, huenda umeiwasha QEMU na `-bios none`. Na kama QEMU imelalamika kwamba maeneo ya ROM yanapandana, umeilinki kerneli kwenye 0x80000000, mahali ambapo OpenSBI imeshakaa. Isogeze hadi 0x80200000.

OpenSBI ikijitokeza, kwenye maelezo yake kuna mistari miwili ya thamani:

```
Domain0 Next Address      : 0x0000000080200000
Domain0 Next Mode         : S-mode
```

Anwani hiyo ilingane na mahali amri yako ya kwanza ilipo. Tumia `objdump -d` uhakikishe, usikisie. Linka inaweza kuwa imetanguliza funksheni nyingine mbele ya ile ya kuanzia, kwa sababu tu faili lake lilitangulia kwenye orodha.

Halafu weka amri hizi mwanzo kabisa, kabla ya steki, kabla ya kitu chochote:

```
    li   a7, 1
    li   a0, 'K'
    ecall
```

Huo ni mwito wa zamani wa SBI, njia ya kuiomba OpenSBI huduma, wa kuchapa herufi moja. Kumbuka kwamba OpenSBI inakukabidhi namba ya kiini (prosesa moja kati ya zilizomo) kwenye `a0` na anwani ya mti wa vifaa (orodha ya vifaa vya mashine) kwenye `a1`. Vihifadhi kwanza kama utavihitaji. K ikionekana, prosesa imefika kwako, na kilichobaki ni kusogeza K hiyo mbele hatua kwa hatua mpaka ipotee. Inapopotea ndipo penye kosa.

K ikipotea mara tu unapoingia kwenye C, kagua `sp`, rejista ya steki. Lazima ielekee kumbukumbu iliyopo kweli, na iwe imepangwa kwa baiti 16. Kagua pia `.bss`, sehemu ya vigeu vinavyoanza na sifuri. Faili la ELF, lile linalotoka kwa linka, linapopakiwa na QEMU sehemu hiyo husafishwa, lakini ukigeuza kerneli kuwa faili mbichi la binari hakuna wa kukusafishia, na vigeu ulivyodhani ni sifuri vitakuwa na takataka.

C inafanya kazi lakini `printf` yako haisemi kitu? Tafuta `outb`. RISC-V haina amri za `in` na `out`. Kila kifaa kinafikiwa kupitia anwani za kumbukumbu. Wapo wanaoziba `outb` kwa funksheni tupu ili kompaila inyamaze, halafu wanasahau kwamba ndiyo iliyokuwa ikipeleka herufi kwenye 0x3F8. Kwenye `virt` chipu ya kutuma herufi (UART) ni ileile ya 16550, ila inakaa 0x10000000. Pointa yake iwe `volatile`, la sivyo kompaila itakuona unaandika mahali palepale mara nyingi bila kusoma na itakufutia maandishi yote isipokuwa la mwisho.

Herufi zikitoka zimechanganyika, mbilimbili au zimerukana, hapo viini vyote vimeingia kwa pamoja. Ukiwa na `-bios none` kila kiini kinaanzia anwani ileile, tena kwenye steki ileile kama hukuvitenganisha. Soma `mhartid`, rejista yenye namba ya kiini, kisha vyote isipokuwa kimoja vilaze kwa `wfi`, amri ya kusubiri.

Inachapa mistari michache kisha inaganda, na CPU ya kompyuta yako iko asilimia 100

Kwenye x86, hitilafu ndani ya hitilafu ndani ya hitilafu huiwasha mashine upya, nawe unajua kuna jambo. RISC-V haina mwisho wa namna hiyo. Hitilafu ikitokea ndani ya msimbo wa kupokea hitilafu, prosesa inarudi mwanzo wa msimbo huohuo, inanaswa tena, inarudi tena, hadi umeme ukatike. Inaonekana imeganda, kumbe inazunguka.

Vyanzo vya kawaida ni viwili. Cha kwanza ni `stvec`, rejista yenye anwani ya msimbo wa kupokea minaso. Biti zake mbili za chini si sehemu ya anwani, ni za kuchagua namna ya kupokea makatizo. Kwa kuwa RISC-V ina amri fupi za baiti 2, funksheni yako inaweza kuangukia anwani isiyogawanyika kwa 4, na hapo mnaso hauendi pale ulipotaka. Dalili yake ni ya kukera: leo inafanya kazi, kesho unaongeza mstari mmoja kwenye faili jingine kabisa, inavunjika. Dawa ni `.balign 4` juu ya lebo.

Cha pili ni steki. Katizo likiingia kutoka kwa mtumiaji, x86 inasoma TSS (muundo unaotaja steki ya kerneli), inahamia steki ya kerneli, na inasukuma yenyewe `eip`, `cs`, `eflags`, `esp` na `ss`. RISC-V inaandika `sepc`, `scause`, `stval` na biti chache za `sstatus`, basi. `sp` inabaki ya mtumiaji. Ukianza kuhifadhi rejista kwa `sd ra, 0(sp)` unaandika kwenye ukurasa wa mtumiaji, nayo hali ya S (ngazi ya ruhusa ya kerneli) kwa kawaida hairuhusiwi, kwa hiyo unanaswa ndani ya mnaso. Mlango unaofuatwa na wote ni amri moja:

```
    csrrw sp, sscratch, sp
```

Inabadilishana `sp` na anwani ya kerneli uliyoiweka mapema kwenye `sscratch`. Hakikisha umeiweka kabla ya `sret` (amri ya kurudi kutoka kwenye mnaso) ya kwanza kabisa kwenda kwa mtumiaji, na kwamba mnaso unaotoka ndani ya kerneli yenyewe haupiti mlango huohuo bila kuulizwa ulitoka wapi.

Imekufa pale ilipowasha kurasa

Hapa ndipo wengi wanapokaa muda mrefu zaidi, na ndipo mazoea ya x86 yanapodhuru kuliko mahali pengine popote. Kwenye faili la `-d int` utaona mstari wa kwanza una `desc=exec_page_fault`, `epc` na `tval` zikiwa sawa, na anwani yenyewe ni ya amri inayofuata ile ya kuandika `satp`, rejista inayowasha kurasa. Baada yake mistari mingi ambayo `epc` yake ni anwani ya `stvec`. Maana yake prosesa haiwezi kuchukua amri yoyote kwenye kerneli, hata za kuchapa kosa. Jedwali lako limeieleza dunia nyingine.

Pitia haya kwa mpangilio huu.

Je, ukurasa unaotekelezwa sasa hivi umo kwenye jedwali jipya, kwa anwani hiyohiyo? Kama kerneli itahamia anwani za juu, bado unahitaji ramani ya muda inayolingana na ile halisi mpaka uruke.

Kisha chapa ingizo moja la jedwali kabla ya kuwasha kurasa na ulipige hesabu kwa mkono. Kwenye x86 anwani ya ukurasa inakaa kwenye ingizo kama ilivyo, na bendera zinajaza biti 12 za chini. Kwenye Sv39, mpangilio wa kurasa wa RISC-V ya biti 64, namba ya ukurasa inaanzia biti ya 10:

```
pte = ((pa >> 12) << 10) | bendera;
```

Ukurasa wa 0x80200000 wenye ruhusa zote za kerneli uonekane 0x200800cf. Ukiona 0x802000cf umeleta mkono wa x86, na prosesa itaisoma hiyo kuwa 0x200800000, mara nne ya ulichokusudia. Kwenye `virt` yenye megabaiti 128 hakuna kumbukumbu huko.

Bendera nazo zimehama. Kwenye x86 biti ya 1 inaruhusu kuandika na ya 2 inamruhusu mtumiaji. Hapa biti ya 1 ni kusoma, ya 2 ni kuandika, ya 3 ni kutekeleza, ya 4 ndiyo ya mtumiaji. Kubadilisha jina la faili la vichwa huku ukiacha namba zilezile kunaweza kuzaa ingizo lenye ruhusa ya kuandika bila ya kusoma, na hilo haliruhusiwi kabisa.

Sasa lile gumu zaidi kuliona. Kwenye x86 ni desturi kuweka ruhusa zote kwenye ngazi ya juu na kuziacha ngazi za chini zibane. Kwenye Sv39 ingizo la ngazi ya juu linaloelekeza kwenye jedwali jingine lazima liwe na V (biti ya 0, ingizo ni hai) peke yake. Ukilipa R, W au X (kusoma, kuandika, kutekeleza) hata moja, prosesa inaacha kushuka. Inaamini imefika, na kwamba hilo ni ukurasa mkubwa wa megabaiti 2 au gigabaiti 1. Kwa kuwa anwani ya jedwali lako haijapangwa kwa ukubwa huo, unapata hitilafu ya ukurasa kwenye ramani ambayo ukiichapa unaiona iko sawasawa.

Mwisho, `satp`. CR3, rejista ya x86 inayotaja jedwali la kurasa, ilipokea anwani. `satp` inapokea namba ya ukurasa pamoja na 8 kwenye biti nne za juu, ambayo ndiyo alama ya Sv39. Ukiandika anwani tupu kama ulivyozoea, biti hizo zitakuwa sifuri, kurasa zitabaki zimezimwa, na kerneli itaendelea kama kawaida. Utashangilia bure mpaka programu ya kwanza ya mtumiaji ianguke. Soma `satp` baada ya kuiandika. Thamani ikiwa siyo uliyoweka, prosesa haikukubali namna uliyoomba.

Maneno yanatoka sawa, namba ni takataka

Fungua `printf` yako. xv6 ya x86 ilikuwa na mstari huu:

```
argp = (uint*)(void*)(&fmt + 1);
```

Ulikuwa unafanya kazi kwa sababu x86 ya biti 32 hupitisha hoja zote kwenye steki, zikifuatana. RISC-V hupitisha nane za kwanza kwenye rejista `a0` hadi `a7`. Baada ya `fmt` kwenye steki hakuna hoja inayofuata. Tumia `va_start` na wenzake. Ugonjwa huohuo umo kwenye miito ya mfumo: xv6 ya zamani ilichukua hoja kwenye steki ya mtumiaji, ya RISC-V inazisoma kwenye rejista zilizohifadhiwa wakati wa mnaso.

Kitanzi kisichoisha kinachosoma herufi hadi -1 kina chanzo kingine. Kwenye x86 `char` ina alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye RISC-V, kama ilivyo kwenye ARM, haina. -1 ikiingia kwenye `char` inakuwa 255 na haitalingana na -1 kamwe. Bendera ya `-fsigned-char` itakuvusha leo, ila andika `int c` ulale usingizi.

Diski isiyosomeka baada ya kuhama mara nyingi ni `long` ndani ya muundo wa diski: ilikuwa baiti 4, sasa ni 8, na kila kilicho nyuma yake kimesogea. Tafuta pia kila pahali pointa inapotiwa kwenye `uint`. Nazo namba za mti wa vifaa zimeandikwa kwa kuanza na baiti kubwa, wakati RISC-V inaanza na ndogo. Ukisoma alama yake ya mwanzo ukapata 0xedfe0dd0 badala ya 0xd00dfeed, faili ni zima, wewe ndiye hujaligeuza.

Skrini inajaa `$ $ $ $ $ $`

Gamba (programu inayopokea amri za mtumiaji) limeita `write` mara moja, nayo inajirudia bila kikomo. Amri ya `int` ya x86 inahifadhi anwani ya amri *inayofuata*. `ecall` inaacha `sepc` ikielekea `ecall` yenyewe. Ongeza 4 kabla ya kurudi. `ecall` haina umbo fupi, hivyo 4 ni sahihi daima. Fanya hivyo kwa `scause` 8 peke yake. Ukiongeza kwenye hitilafu ya ukurasa utaruka amri ambayo haijatekelezwa.

Mwito ukifika lakini kerneli inanaswa na 13 au 15 wakati inanakili data ya mtumiaji, `stval` ikiwa anwani ya mtumiaji iliyo halali kabisa, umegongana na SUM. Hali ya S haigusi kurasa zenye biti ya U (ya mtumiaji) mpaka SUM, biti ya 18 ya `sstatus`, iwashwe. Iwashe unapoanza kunakili na uizime unapomaliza. Kuiwasha moja kwa moja ni rahisi, lakini kila pointa mbovu ya kerneli itakayoangukia upande wa mtumiaji itapita kimya.

Saa imechizi, kibodi imekufa

PIT ya PC, kipima muda chake, ukiipanga mara moja inagonga yenyewe. Kipima muda cha RISC-V kinagonga mara moja, na alama yake inabaki imesimama mpaka upange muda mwingine. Usipopanga, `sret` inarudi moja kwa moja kwenye katizo lilelile na hakuna programu inayosonga hata amri moja. Muda ukienda kasi au polepole, umebeba 1193182 ya PIT. Kasi halisi soma kwenye mti wa vifaa, `timebase-frequency`: `virt` ni 10,000,000 kwa sekunde, bodi ya VisionFive 2 ni 4,000,000.

Kibodi inayopokea herufi moja kisha kufa haijarudishiwa namba ya katizo kwenye PLIC (kigawa makatizo cha RISC-V) baada ya kushughulikiwa, kazi iliyokuwa ya EOI, ishara ya kumaliza katizo, kwenye 0x20. Isiyopokea hata moja: kipaumbele cha kifaa ni sifuri, na sifuri kwenye PLIC maana yake usinisumbue.

QEMU inawaka, bodi haiwaki

Hapa QEMU imekuharibu kwa wema wake. Orodha ya mambo inayokusamehe ni ndefu, na nitataja yale yanayouma.

Anwani kwanza. Kwenye VisionFive 2 kumbukumbu inaanza 0x40000000. UART yake ya kwanza, kwa bahati, iko 0x10000000 kama ya `virt`, na hilo linawapa watu matumaini ya uongo, kwa sababu rejista zake zimeachana baiti 4 badala ya 1. Unachungulia hali ya UART mahali pasipo pake na unasubiri milele. `reg-shift` kwenye mti wa vifaa ndiyo inayosema.

Kurasa zinazofanya kazi QEMU na kugoma bodini: tazama biti za A (ukurasa umeguswa) na D (umeandikwa). x86 huziweka yenyewe ukurasa unapoguswa, na QEMU imezoea kukufanyia vivyo hivyo. Viini vya U54 vya SiFive haviziweki. Vinaleta hitilafu ya ukurasa, 13 au 15, kwenye ingizo ambalo lina V na ruhusa zote. Kama huzihitaji kwa kuhamishia kurasa diskini, ziweke zote mbili tangu mwanzo, ndiyo maana mfano wangu wa juu uliishia 0xcf.

Programu ya pili inasoma data ya programu ya kwanza, au hitilafu ya ukurasa inarudi hata baada ya kuujaza ukurasa. Kwenye x86 kuandika CR3 kunasafisha TLB, isipokuwa kurasa zilizotiwa alama ya kudumu. Kuandika `satp` hakusafishi chochote, japo QEMU husafisha. Weka `sfence.vma` baada ya `satp`, na pia baada ya kulifanya ingizo tupu kuwa hai, kwa maana RISC-V inaruhusu prosesa kukumbuka kwamba ukurasa *haukuwepo*.

Programu iliyotoka diskini inakufa na `scause` 2 kwenye anwani ambayo ukiisoma ina amri nzima kabisa. Kashe ya amri ina mambo ya zamani. x86 inazilinganisha kashe zake yenyewe. Hapa unahitaji `fence.i`, nayo inahusu kiini kilichoitekeleza peke yake. Viini vingine vitumie salamu kupitia SBI. Lakini kama amri iliyoko hapo ni ya desimali, `fld` au `fsd`, kashe haina hatia. Hujawasha FS, biti zinazoruhusu hesabu za desimali, kwenye `sstatus`.

Data ya diski au mtandao inayokuja nusu sahihi nusu ya zamani ni hadithi ya DMA, yaani kifaa kugusa kumbukumbu bila kupitia prosesa. Kwenye chipu ya Allwinner D1, yenye kiini cha C906 cha T-Head, vifaa havichungulii kashe ya prosesa, hivyo draiva lazima isafishe kashe kwa amri za T-Head zenyewe. Mtu wa PC hajawahi kuliwaza jambo hili, na kwenye msimbo wake hakuna hata pahali palipoachwa pa kuliweka.

Makatizo yote yamekufa kwenye bodi ya FU540, ile ya HiFive Unleashed? Kwenye `virt` kiini cha 0 kina nafasi mbili PLIC, moja ya hali ya M (ngazi ya juu kabisa ya ruhusa) na moja ya S, kwa hiyo kanuni ya «namba ya kiini mara mbili ongeza moja» inafanya kazi. Kwenye FU540 kiini cha 0 ni cha usimamizi, hakina hali ya S, hivyo kina nafasi moja tu na hesabu yote inasogea. Usiikokotoe. Isome kwenye mti wa vifaa.

Inaharibika mara mojamoja, na viini vikiwa zaidi ya kimoja tu

Ukipunguza hadi kiini kimoja tatizo linatoweka. Ukiongeza `printf` linatoweka pia. Orodha ya michakato ina pointa iliyokufa, au ukurasa mmoja una wenye nyumba wawili.

x86 haipangui maandishi: ukiandika data kisha ukaandika bendera, kiini kingine hakiwezi kuiona bendera kabla ya data. RISC-V inaruhusu hilo. Kufuli lililofunguliwa kwa `lk->locked = 0` tupu lilikuwa salama kwa prosesa ya PC, na bado kompaila ingeweza kulivuruga; hapa hata kompaila ikitii, kiini cha pili kinaweza kulikuta kufuli liko wazi wakati data uliyoilinda haijafika. Fungua hivi:

```
__atomic_store_n(&lk->locked, 0, __ATOMIC_RELEASE);
```

Na kufunga kuwe kwa `__ATOMIC_ACQUIRE`. Kisha pekua kila mahali palipoandikwa «hapa hatuhitaji kufuli», hasa pete za virtio (foleni za kuwasiliana na vifaa vya kuigiza) na foleni za makatizo. Hapo ndipo mwandishi wa kwanza alipoitegemea x86 akijua au bila kujua. Unapojaza pete kwenye kumbukumbu kisha ukakigonga kifaa kwenye rejista yake, katikati panahitaji `fence w, o`, maana kwa RISC-V kumbukumbu na vifaa ni foleni mbili tofauti.

Usijipime kwa QEMU kwenye kompyuta ya x86. Maandishi ya kiini chako cha kuigiza yanatekelezwa na prosesa ya x86, na adabu yake inarithiwa. Hata bodi zenye viini vya U74, ambavyo hutekeleza amri kwa zamu, zinaweza kukaa siku nyingi bila kuonyesha kosa. Tafuta bodi yenye viini vinavyopangua amri, kama C910 ya T-Head, iache ikigombania kufuli moja kwa viini vyote usiku kucha, na mwisho wa jaribio ulinganishe hesabu iliyolindwa na jumla ya zamu za viini vyote. Zikipishana hata kwa moja, kuna fensi (amri ya kulinda mpangilio, kama `fence` ya hapo juu) inayokosekana.